Mtoto Anayeziba Pua

Tarehe 6 Februari

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na kwamba hao wajenga barabara wako mia na arobaini bado wanakula na kusaza. Ningepiga simu, lakini huko kwenu mtandao ni hadithi, kwa hiyo namkabidhi dereva wa lori la vyakula kama kawaida yetu. Amesema atakufikia Jumanne.

Nakuandikia habari za Chiriku. Hali si nzuri, na nikisema ukweli imezidi kuharibika. Lile gauni la maua nililomshonea mwezi wa kumi na moja, alipotimiza miaka mitatu, nimelipunguza kiunoni mara mbili. Nimeshona nguo za watoto miaka kumi na minne, dada, na kazi yangu siku zote ni kuongeza. Mama analeta gauni, nafumua pindo, nateremsha. Sijawahi kupunguza nguo ya mtoto anayekua.

Maziwa anakunywa. Uji anakunywa pia, mradi uwe mwepesi kama maji na usiwe na hata punje. Chochote cha kutafuna hataki. Nikimkaribia na kijiko anaziba pua. Si mdomo anaoziba, ni pua, kwa mikono miwili, na macho anayafumba kama mtu anayesubiri sindano. Shemeji yako anasema huenda harufu ya chakula inamkera. Mama mkwe anasema mtoto amedeka, aachwe na njaa mpaka aombe mwenyewe. Unamjua mama mkwe, maneno yake ni pilipili, lakini kila asubuhi yeye ndiye anayechuja huo uji kwa kitambaa ili usibaki na chembe.

Mimi nina wazo langu ambalo sijamwambia mtu. Yote yalianza mwezi wa nane, nilipolazwa ile mimba ilipotoka. Nilimwacha mtoto anayeokota hata makombo chini ya meza, nikarudi siku ya tisa nikamkuta hataki kula, na yule aliyekuwa anapiga domo kutwa nzima amekuwa mtu wa maneno mawili matatu. Uliniambia alikuwa ananililia tu. Basi naamini ananiadhibu kwa kumwacha. Nikifika hapo kwenye mawazo, cherehani inanishinda.

Kliniki wameniambia nimtafute mtaalamu wa lishe ya watoto. Hapa wapo wawili, na sijui nimchague yupi.

Wa kwanza ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa. Kuna kiyoyozi, na vyeti vimejaa ukuta mzima. Watu wanamwita Bingwa. Anatoa damu kidogo, anaipeleka kupimwa, na baada ya wiki mbili anakuambia vyakula gani vinamdhuru mtoto. Nilikwenda kuulizia. Alinisikiliza kama dakika tano, wala hakumtazama Chiriku, lakini alizungumza kwa uhakika mpaka nikajisikia nafuu.

Wa pili ni mama mtu mzima, yuko hospitali ya umma, chumba cha mwisho baada ya ukumbi wa chanjo. Kina mama wamempachika jina la Mama Kijiko, kwa sababu ukiingia tu na mtoto, kitu cha kwanza anakunyang'anya kijiko. Kumwona ni kusubiri wiki tano. Jirani yangu alimpeleka mwanawe kwake. Anasema yule mama anahoji kama polisi: mtoto alibadilika siku gani, nani alikuwa nyumbani, alikuwa anakula nini, nani alikuwa anamlisha. Na anataka kila mtu aliyewahi kumlisha mtoto aje akae mbele yake. Jirani alitoka mle analia. Lakini mtoto wake siku hizi anakula.

Wewe ni mpishi, tena zile siku tisa ulikuwa naye wewe. Kuuliza si ujinga. Nishauri, na utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mdogo wako


Tarehe 10 Februari

Mdogo wangu,

Barua nimeipata sasa hivi, dereva bado anashusha magunia. Nakujibu haraka ili aondoke na jibu kesho alfajiri.

Kwanza futa machozi. Mtoto wa miaka mitatu hajui kumwadhibu mtu. Hayo mawazo ya kwamba anakulipiza ni uchovu wako tu na ile huzuni uliyoipata. Usijitese.

Pili, nenda kwa Bingwa. Sina shaka hata kidogo. Hapa kambini kuna fundi mmoja alikuwa akila samaki anavimba macho, na mwenyewe alikula samaki miaka yote bila kujua. Mwili una siri zake, na damu haidanganyi. Hilo la kuziba pua ni harufu, shemeji kapatia. Babu yetu naye alikuwa hawezi kukaa chumba kimoja na yai lililochemshwa, hukumbuki? Pua za ukoo huu ni kama za mbwa wa polisi.

Huyo Mama Kijiko achana naye. Wiki tano ni nyingi kwa mtoto aliyekonda, na mimi sioni faida ya mtu kukuhoji mpaka ulie. Una vidonda vibichi, mdogo wangu, huhitaji mtu wa kuvichokonoa. Mambo ya nani alikuwa nyumbani na nani alimlisha yana uhusiano gani na tumbo la mtoto? Atawagombanisha tu, halafu mtoto abaki vilevile.

Mimi ni mzima. Juzi nilipika wali ukaungua chini, wakala wote na wakaomba ukoko. Nikasema watu hawa hata nikiwapa kokoto zenye chumvi watashukuru.

Mbusu Chiriku, mwambie Mama Mkubwa anamkumbuka.

Dada yako


Tarehe 6 Machi

Dada,

Nilifanya ulivyosema. Damu ilitolewa, na jana tumepewa majibu. Karatasi mbili zimejaa mistari myekundu. Bingwa anasema mwili wa Chiriku unapigana na mayai, maziwa, ngano, karanga, maharage na samaki. Vyote viondolewe miezi mitatu. Badala yake ametupa makopo manne ya unga wake wa kukoroga na maji.

Nilimuuliza, na maziwa pia? Maana maziwa ndiyo anayokubali. Akanijibu, "Mama, kinachopendwa sana ndicho kinachoua polepole." Nilipofika nyumbani nilimwaga maziwa yaliyobaki kwenye sufuria, Chiriku amesimama mlangoni ananitazama.

Mama mkwe amekasirika. Anasema tangu lini mtoto akanyimwa maziwa na mtu mwenye akili timamu. Tumejibizana, na shemeji yako akatoka nje kwa kisingizio cha kwenda kutazama taa ya pikipiki. Lakini nimeshikilia. Nimemwambia dada yangu ni mpishi wa watu mia na arobaini, anajua chakula kuliko sisi sote.

Ule unga una rangi ya vumbi na unanata mdomoni. Chiriku ameuonja mara mbili. Bingwa anasema atazoea.

Nakushukuru sana. Angalau sasa tatizo lina jina, na si kosa langu.

Mdogo wako


Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi mno kusikia majibu. Umeona? Mayai yamo kwenye orodha. Nilijua tu. Basi si kosa la mtu yeyote, ni mwili.

Dawa chungu ndiyo inayoponya. Usimsikilize mama mkwe, wazee wa siku hizi kila ugonjwa kwao ni maziwa. Mpe mtoto huo unga hata kama anakataa, lakini usimlazimishe. Usimlazimishe hata siku moja, nakuomba. Mwachie kikombe atakunywa mwenyewe.

Na je, anazungumza siku hizi? Anasimulia mambo? Watoto wa umri ule hutunga vingi, ukisikia jambo la ajabu usilitilie maanani.

Kazi huku imezidi, wameongezwa watu thelathini. Naandika nimesimama.

Dada yako


Tarehe 17 Aprili

Dada,

Tuko hospitali, wodi ya watoto, leo ni siku ya tano.

Jumatatu asubuhi nilikuwa namvisha soksi nikaona nyayo zimevimba. Nilibonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nilibonyeza tena mguu wa pili, likabaki vilevile. Unga wa Bingwa alikuwa amekwisha kuukataa wiki tatu nyuma, alikuwa anaishi kwa maji ya mchele. Nilimpigia Bingwa simu mara sita. Mara ya saba akapokea msichana wa ofisini, akasema mtaalamu yuko safarini.

Hapa walimzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia watoto waliokonda. Mimi maisha yangu yote ni kupima watu kwa utepe, lakini huu sikutaka kuusoma. Ulisimama kwenye nyekundu. Kilo zake ni tisa na nusu. Nesi aliandika kwenye faili bila kuniangalia.

Aliyekuja kumwona ni Mama Kijiko. Sikumchagua, dada, amenifuata mwenyewe, maana ndiye wa wodi hii. Ni mama mfupi, sauti imemkauka, anatembea na kiti chake kidogo cha mbao anakiweka popote. Alitazama zile karatasi za Bingwa za mistari myekundu, akaniuliza kama Chiriku alishawahi kutoka vipele, kuvimba, kuhara au kutapika kwa sababu ya yai au maziwa. Nikasema hapana, hata siku moja. Akazikunja akazitia mfukoni kwake, akasema, "Hizi utanisamehe, sitakurudishia." Kisha akaagiza maziwa ya kikombe. Mwanangu aliyashika kwa mikono miwili akanywa mpaka kikombe kikamfunika uso.

Baadaye akakaa mbele yake na kijiko kitupu, akakisogeza taratibu. Chiriku akaziba pua. Mama Kijiko akakiweka chini. Akaniambia, "Mtoto anayechukia harufu hugeuza shingo. Huyu hageuki. Huyu analinda pua yake. Nani hapo nyumbani humbana pua ili afungue mdomo?"

Nikasema hakuna. Akasema, "Yupo. Fikiri."

Nikafikiri. Mimi siwezi. Baba yake kumlisha hajui, akipewa bakuli anamwagia mtoto kifuani. Akabaki mama mkwe, aliyekuwa anasema mtoto amedeka na ashindishwe njaa. Na siku nilizolazwa, kabla hajahamia kwetu, alikuwa anapita kila jioni, wewe mwenyewe uliniambia.

Nilimuuliza mbele ya shemeji yako. Nilimuuliza vibaya, dada, nilimuuliza kama mwizi. Hakujitetea. Alisema tu, "Mwanangu, mimi?" Akaenda kukunja kanga zake. Amerudi kwa bintiye. Shemeji yako ananiletea chakula hapa wodini, anakiweka juu ya kabati, anaondoka bila neno.

Sasa wewe ulikuwepo. Uliwahi kumwona akimlisha? Ulisikia chochote? Madaktari wanataka kumpitishia mpira wa chakula puani kwa sababu maziwa ya kikombe peke yake hayatoshi. Mama Kijiko amewaomba wasubiri. Anasema kwa mtoto huyu pua ndiyo mahali penyewe, na kabla ya kumgusa hapo anataka kujua kilichotokea. Amesema atakuandikia pia.

Nijibu na lori hili, nakuomba.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Kwa dada wa Mama Chiriku,

Mimi ni mtaalamu wa lishe wa wodi ya watoto. Nimeomba ruhusa kwa mdogo wako kukuandikia.

Nimeelezwa kwamba mwaka jana ulikaa na mtoto siku tisa, na kwamba kabla ya siku hizo alikuwa anakula kila kitu. Naomba uniambie: alikabwa na chakula? Chakula gani? Aliyekuwa anamlisha alimshikaje? Ilichukua muda gani mpaka akapumua? Na baada ya hapo aliambiwa nini?

Sitafuti wa kumlaumu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Waliowakaba watoto kwa kijiko, wote niliokutana nao waliwapenda watoto hao. Lakini siwezi kumrudisha mtoto mezani kama sijui alitoka mezani kwa mlango gani.

Madaktari wamenipa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo mpira utapita puani, na wana haki, kwa sababu uzito hauruhusu kusubiri zaidi. Dereva anasema atalala kwenu kesho na kurudi Jumatano. Jibu likija naye, linatosha. Hata likiwa la mistari miwili.

Wako,
Mtaalamu wa Lishe, Wodi ya Watoto


Tarehe 21 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepokea habari na nimeshika tama. Mungu atamsimamia. Pole sana, pole na shemeji.

Siwezi kuandika marefu, jiko limenielemea na msaidizi wangu anaumwa. Siku zile sikuona kitu cha ajabu. Kuhusu mama mkwe, wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Huyo mtaalamu mwambie nimeipata barua yake. Madaktari ni wasomi, wakisema mpira basi ni mpira.

Dada yako


Tarehe 5 Mei

Mdogo wangu,

Leo dereva ameshuka kwenye lori, hakunisalimu kwa utani wake. Nikamuuliza habari za mtoto. Akasema, "Walimpitishia mpira Ijumaa ile. Nilikuwa nimepeleka matunda. Walimshika watu wanne. Mama yake alikuwa ameshika miguu." Akachukua orodha yake ya magunia akaenda.

Nimeiacha sufuria jikoni. Watu wanapiga kelele huko nje wanataka chakula. Acha wapige.

Ni mimi.

Ilikuwa siku ya sita, Jumamosi mchana. Mama mkwe wako hakuwepo. Alipokuwa akija jioni alikuwa anakaa naye kibarazani tu, kijiko hakukigusa hata mara moja. Chiriku alikuwa amekula nusu ya sahani, anataka kwenda kucheza. Mimi nikasema lazima amalize. Unanijua. Siku zote nimejisifu kwamba hakuna mtoto anayenishinda kwa kula, na nyinyi wote mkanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimesifiwa miaka mingi. Nilimpakata, nikamzuia mikono kwa kwapa langu, nikambana pua. Alipofungua mdomo ili avute pumzi nikatia kipande cha yai la kuchemsha. Ndivyo mama alivyotulisha sisi, na sisi tukakua, ndivyo nilivyojiambia.

Akavuta pumzi pamoja na yai.

Hakukohoa. Hakulia. Kimya kile sijawahi kukisikia tena. Midomo ilianza kuwa rangi ya zambarau. Nilimgeuza kichwa chini nikampiga mgongoni, nikampiga tena, sijui mara ngapi, mpaka yai likatoka. Ukimuuliza huyo mtaalamu muda, mwambie ni muda wa mtu kufika mlangoni na kurudi, lakini kwangu haujaisha mpaka leo. Alipopata sauti alijikojolea. Nilimwosha, nikambadilisha nguo, nikampa maziwa. Nikamwambia, "Hii ni siri yetu mimi na wewe. Usimwambie mama. Mama anaumwa, ukimwambia atakufa."

Nilisema hivyo, mdogo wangu. Kwa mtoto wa miaka miwili na ushee.

Ulikuwa umepoteza mimba. Ningekuambiaje kwamba nusura nikupotezee na huyu? Nikasema nitamwambia akipata nguvu. Ukapata nguvu, nikasema haina haja tena. Uliponiandikia kuhusu wale wataalamu wawili nilisoma habari za Mama Kijiko na maswali yake. Nilikuchagulia Bingwa kwa sababu haulizi. Alipotaja mayai nilifurahi kama mtu aliyeachiliwa na hakimu. Nilijua maziwa yanaondolewa, nilijua ndiyo chakula chake pekee, mimi ambaye kazi yangu ni chakula, na nilikuandikia uendelee.

Na barua ya yule mama niliipata kwa wakati. Lori lililala hapa. Msimamizi ana redio ya kuongea na mjini, ningemwomba angeniruhusu. Niliishika ile barua usiku kucha, asubuhi nikampa dereva zile porojo za msaidizi anaumwa. Msaidizi wangu hakuwa anaumwa.

Mama mkwe wako ameondoka nyumbani kwenu kwa ajili yangu, na hata hapo nilinyamaza.

Siombi msamaha kwenye karatasi. Nipe ruhusa nije.

Dada yako


Tarehe 15 Mei

Mama Mkubwa wa Chiriku,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama karibu na sinki la wodi, kisha nikampelekea Mama Kijiko. Aliisoma mara mbili. Alisema, "Afadhali ameandika."

Nakujibu kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio sitamaliza.

Mpira ulikaa puani siku kumi na saba. Kila asubuhi alikuwa anauliza kama ni adhabu. Ilikuwa ndiyo sentensi yake ndefu kuliko zote kwa siku nzima. Ningekuwa na mistari miwili tu kutoka kwako tarehe ishirini na mbili, Mama Kijiko anasema wangepitia njia nyingine: wangempa dawa ya usingizi kwanza, au angepewa maziwa mazito kwa matone kila nusu saa, yeye mwenyewe akae naye. Badala yake nilimshika miguu. Alikuwa ananitazama mimi, si wale manesi.

Mwezi wa kumi na mbili nilimchapa kwa ajili ya sahani ya wali. Hilo hukuwahi kulijua, na shemeji yako hajui. Nilimchapa kwa sababu niliamini ananichezea. Sasa nimejua alikuwa ananyamaza ili nisife.

Jumapili nilikwenda kwa mama mkwe. Nilipiga magoti mlangoni, majirani wanaona. Aliniinua, akanipa chai, akaniuliza mtoto ana kilo ngapi. Nilipomwambia aliyembana pua ni nani, alisema, "Mimi nilikuwa najua kwamba si mimi, hilo lilinitosha." Lakini kurudi amekataa. Anasema nyumba ambayo umeulizwa swali lile, hata ukirudi, ukipakua chakula unatazamwa mikono. Amesema atakuwa anakuja hospitali tu, kumwona mjukuu wake.

Kuhusu Chiriku. Nyayo zimepungua. Kilo ni kumi na robo. Kwa kuwa sasa anajua kilichotokea, Mama Kijiko ametupa sheria: hakuna mtu kumgusa uso, hata kumpangusa makamasi, bila kumwomba. Hakuna kijiko mkononi mwa mtu mzima. Tunakula wote mbele yake, mikono mezani, bila kumwambia kula. Siku nne hakufanya kitu. Siku ya tano alichovya kidole kwenye kiazi kilichopondwa, akakilamba, akatutazama mmoja mmoja kuona nani atainuka. Hakuna aliyeinuka. Mama Kijiko anasema itachukua mwaka, labda miwili, na kwamba pengine vitu vingine hatavila maisha yake yote. Nilimuuliza kama ningemleta kwake tangu Februari ingekuwaje. Alijibu kwamba hajibu maswali ya namna hiyo, akanisogezea kiti chake nikae.

Umeomba ruhusa uje. Mimi jibu langu ni hapana. Sitaki kukuona, na sijui lini nitataka. Nilikuuliza wewe kwa kuwa ulikuwepo, nawe kwa kuwa ulikuwepo ukanielekeza kwa asiyeuliza.

Lakini Mama Kijiko anasema uje, na safari hii yeye ndiye niliyemchagua. Nimejaribu kumwambia mtoto kwamba najua, kwamba sitakufa, kwamba aseme chochote anachotaka. Ananitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemtazama mtoto, na anaziba mdomo wake. Siri uliifunga wewe, na inaelekea hatamsikia mtu mwingine.

Basi utakuja na lori hili la tarehe kumi na tisa, usingoje lingine. Utafika saa ya kuona wagonjwa. Utakaa kwenye kiti upande wa miguuni, mikono yako juu ya magoti, na hutainyanyua. Usilete chakula. Utamwambia kwa maneno mepesi kwamba siri imekwisha, kwamba mama anajua na yu hai, na kwamba aliyekosea ni wewe. Usilie mbele yake, atadhani amekuliza yeye. Akikujibu, msikilize mpaka mwisho, hata akisema maneno gani. Asipokujibu, muage, uondoke.

Mama Kijiko atakuwepo ndani. Mimi nitakuwa kwenye benchi la ukumbini, upande wa kulia ukitoka. Nakuomba utokee kushoto, kuna mlango karibu na chumba cha kufulia.

Mama Chiriku